Bata wa Bi Rukia

Sikuicheka suruali yake, wala sikuucheka uzee wake, uzee tunao sote humu. Nilichokicheka ni pilau. Najua mtaniuliza, maana tangu tutoke ukumbini mnanitazama kwa pembeni kama nimeiba vijiko vya msikitini, basi nawajibu kabla hamjafungua midomo. Nimimineni chai. Na sukari iwe sukari, msinitilie ile punje ya wagonjwa wa sukari, ya kubembelezea sindano.

Mlimsikia wenyewe. Injinia Badi, mstaafu wa kiwanda cha malori kule Södertälje, kapanda treni kapanda na metro mpaka Hässelby hapa, mwisho wa reli, kuja kutufundisha tulikotoka. Kavaa tai. Kakohoa. Projekta ikagoma, ikapigwa kibao, ikakubali, na ukutani ikatoka sahani ya Kichina, nyeupe, maua ya buluu, ukingo umemeguka. Naye akaanza kwa ile sauti yake ya msoma taarifa ya habari: "Ndugu zangu. Kimsingi. Wakati wazungu hawa wanakula kwa mikono, wazee wangu mimi, katika nyumba ile ile niliyozaliwa, walikuwa wakila katika sahani kama hii. Huo ndio ustaarabu wa pwani." Makofi! Mpaka watoto waliokuwa wanachezea simu wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani.

Ndipo Mama Furaha wangu huyu, aliyetoka Jakobsberg kote kule kwa ajili ya mkutano, akanyoosha mkono. Mama Furaha ni mtu wa Uvira, mtu wa ziwa, hana habari na ustaarabu wa mtu, yeye habari yake chakula. "Papa Injinia, aksanti sana. Ile sahani iko muzuri. Lakini mule ndani ya sahani, balikuwa banakula nini?" Injinia akatabasamu kama anaulizwa na mtoto. "Pilau, mama. Pilau, bila shaka."

Mie hapo nikashindwa. Nikatoka na kicheko changu mpaka kwenye korido ya makoti, nikajifunika uso kwa koti la mtu. Kwa sababu ile sahani naijua. Nilikuwepo inatoka ardhini, nimesimama ukingoni mwa shimo na kamasi zangu. Na ilikuwa na kitu ndani, kimeshikamana nayo kwa udongo, na pilau haikuwa.

Msidhani imenirudia leo kwa picha. Nimekaa nayo wiki nzima. Jumamosi binti yangu Hadija kaleta nyumbani kifuko cha wavu kimejaa kome, weusi, kawachemsha kwa kitunguu saumu, na ile harufu ikapita chini ya mlango wa chumba changu ikanikuta kitandani. Nikakaa kitako. Matope, chumvi, mvuke. Nikajiona niko nyuma ya jiko la mama yangu, nina miaka ya kung'oka meno ya mbele. Nikatoka. Najma, mjukuu wangu, kaziba pua: "Usch, bibi!" Hadija naye: "Mama, kaa ule, hiki hotelini mjini ni chakula cha wakubwa." Nikakaa nikala. Nikala huku nimekasirika. Watu wameweka mshumaa mezani na kitambaa cha magotini kula kitu ambacho mama yangu alitengwa kwacho kama mwenye upele.

Na ile siku ya makumbusho, nimewahi kuwasimulia? Darasa la Najma lilipungukiwa wakubwa wa kuwashika watoto mikono, nikapelekwa mie, sijui kusoma wala hicho Kiswidi chao, lakini mkono ninao. Basi ndani mle, kwenye kabati la kioo, nikaona maganda ya kome na kombe yamelazwa juu ya kitambaa cheusi, yamewashiwa taa, yamepambwa kuliko mie siku ya harusi yangu. Nikamuuliza Najma, hizi dhahabu za nani? Akasoma, akacheka. "Bibi, det är sopor." Takataka. Takataka za wazee wao, waliokuwa wakikaa kando ya bahari yao hii baridi, wanakula, wanatupa papo hapo, wanakula, wanatupa, mpaka ikawa kilima. Na mwalimu anawaambia watoto wanyamaze, wasiguse kioo. Nikakitazama kile kioo, nikasema kwa Kiswahili kabisa: wenzenu kwetu wamevunja posa kwa vitu hivi. Mwalimu akaniitikia kwa kichwa, "Ja, ja." Wazungu wa huku wana adabu, hukuitikia hata usipowaambia wao.

Kijijini kwetu kulikuwa na watu wa namna mbili: wanaokula tondo, na wanaosema hawali tondo. Mama Furaha, wewe hujui tondo. Ni konokono wa mikokoni, mweusi, mrefu kama kidole cha kati cha mwanamume, ganda lake gumu, ncha yake kali. Maji yakitoka sana, ile bamvua, wanawake wanashuka matopeni na vikapu, wanainama, wanaokota. Ukirudi unachemsha. Ukishachemsha, lazima uivunje ile ncha ya nyuma kwa jiwe, pu!, hewa ipite, kisha unafyonza mbele, au unachokoa kwa mwiba. Nyama yenyewe kijipande, inatafunika kama kandambili, lakini ukiitia tui na ndimu, hunyanyuki mpaka sufuria iwe nyeupe.

Sisi tulikuwa wa kula. Baba alikwenda kukata mkonge akapotelea huko, mama akabaki na wanawe wawili, dada yangu Somoe na mie, na kazi yake ya kufinyanga vyungu. Kwetu ganda halikuwa takataka hata siku moja. Chungu mama alikikwangua kwa ganda la kombe mpaka kikawa laini, kisha ukingo wa ganda lile lile akaubonyezabonyeza shingoni mwa chungu, likaacha vimeno vimeno, pambo. Ganda kubwa lilikuwa taa, unatia mafuta na utambi. Simbi ndizo zilikuwa kete zetu za kuchezea. Na kijiko cha uji cha mie mtoto kilikuwa ganda, midomo yangu mpaka leo inaujua ukingo wake. Yaliyobaki tulitupa nyuma ya nyumba, juu ya yale waliyotupa bibi zetu, na kilima kikawa kirefu kuliko mie.

Wa kusema hawali, mkubwa wao ni Bi Rukia. Bibi yake Injinia wenu huyu. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, ina ghorofa, mlango una misumari ya shaba. Yeye neno lilikuwa halimtoki mdomoni, lilichujwa kwanza puani: "Tondo si haramu, wanangu. Siwezi kusema haramu. Lakini si heshima." Alitusomesha Kurani sisi watoto barazani kwake, na kabla ya kukaa tulinuswa. Kweli tena. Tunapanga mstari, tunanyoosha mikono, anatunusa vidole kama mtu anayechagua papa sokoni. "Wewe, mtoto wa mama vyungu, kaa huko mwisho, upepo unakoelekea." Nikadhani mwisho kuna heshima yake, kwa sababu kulikuwa na upepo.

Sasa sikilizeni. Kila bamvua, mtumishi wake Bi Rukia, mama mmoja jina lake Kundu, alikuja mlango wetu wa nyuma na beseni limefunikwa kanga. "Bi Rukia anaomba za bata." Mama anamjazia tondo, Kundu anatuachia mchele. Tondo za bata! Nami nilivyokuwa mpenzi wa vifaranga, nikasema nitawaona. Kila nikienda kusoma nawatafuta hao bata. Uani, hamna. Chini ya ngazi, hamna. Hata unyoya. Hata kile kinyesi chao, na bata mnamjua hawezi kujificha kwa hilo. Nikatafakari kwa akili yangu yote ya wakati ule, nikapata jibu: bata wa tajiri hawakanyagi matope, wanakaa ghorofani. Na ushahidi ninao. Adhuhuri, wakubwa wakishafunga milango wakisema wanalala, sisi tukiwa tunarudia sura barazani, juu ghorofani nilisikia: kach! Kimya. Kach! Kimya. Kach! Nikamnong'oneza mwenzangu, wasikie bata, wanakula. Naye akaniamini. Tukawa tunawaonea wivu wale bata, wana godoro, wana dirisha la kuona bahari.

Basi Badi akarudi kutoka mjini alikokuwa akisoma, akamwona Somoe amejitwika chungu, na Somoe alikuwa anatembea nacho kama hana habari nacho. Kijana akasema, huyu au basi. Bi Rukia alilia wiki nzima, kisha akakubali, lakini kwa masharti. Kundu alikuja kuyatamka mlangoni kwetu, macho yake chini. Kwanza, Somoe ahamie nyumba kubwa mpaka siku ya harusi, asuguliwe singo na liwa, harufu imtoke. Pili, mama asikanyage mikokoni mpaka harusi ipite, watu wasije wakamwona mkwe wa Bi Rukia ameinama matopeni. Tatu, siku yenyewe mama asiingie ndani kwenye wageni, akae barazani nje, "kwa sababu kile kitu, Mama Somoe, unajua mwenyewe, kimekuingia mwilini."

Mama alikuwa anakwangua chungu. Hakuacha kukwangua. Akasema: "Mwambie nimesikia." Nikamwuliza, mama, wewe unanuka? Akaninyooshea mkono ninuse. Nikanusa udongo. Nikamwambia hivyo. Akasema ahsante, kama nimempa kitu.

Kisa chenyewe hiki, msikipoteze njiani: alimeza yote kwa ajili ya Somoe, apate kulala chini ya paa lisilovuja, asiwe na mgongo kama wake. Tukala muhogo na chumvi. Bamvua ikaja, wanawake wakapita na vikapu, mama kakaa ndani, kafunga mlango asiwaone. Na nani akaja kugonga mlango wa nyuma na beseni? "Bi Rukia anaomba za bata." Mama akamwambia, si yeye aliyenikataza? Kundu maskini, sauti kama mtu aliyemeza pini: "Bata hawana habari na harusi, Mama Somoe. Wanalia." Mie nikaingiwa na huruma! Nikamsihi mama, twende tuwaokotee, wasife. Mama akanitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini na machozi, na mie nikakasirika, kwa sababu nilidhani anawacheka bata wenye njaa.

Huko nyumba kubwa, Somoe kazi yake ilikuwa kusuguliwa asubuhi na kukata popoo mchana, zile kokwa ngumu za kutafunwa na tambuu ya Bi Rukia. Alipewa ule mkasi wa popoo wa bibi mwenyewe, wa chuma kizito, vipini vyake shaba. Mkasi ule ulikuwa haukai popote isipokuwa kwenye sinia lake la tambuu au kiunoni mwake. Siku moja Somoe akanipenyezea kipande cha popoo dirishani akanionyesha. "Tazama. Huu mkasi una pengo. Kila unapokata unaacha mstari katikati, kama njia ya nywele." Kweli, katikati ya ule mkato laini kulikuwa na ukingo mdogo umesimama. Nikaweka kile kipande nyumbani, nikakichezea kama kete. Alinuka liwa, Somoe, alinuka mpaka sikumjua. Akaniuliza mama anakula nini. Nikasema muhogo. Akafunga dirisha.

Ndipo akaja yule mzungu. Wachimba mambo ya kale, enzi zile walikuwa wanakuja mmoja mmoja, na kofia. Sisi tulimwita Bwana Chekecheo, kwa sababu alikuwa na chekecheo kubwa kama kitanda cha mtoto, anatikisa udongo wake humo siku kutwa, unga unamwingia masharubuni. Alianzia kwetu, kwenye kilima chetu cha maganda. Akafunga kamba, akachimba shimo la pembe nne, kuta zake zimenyooka kama mkate uliokatwa, ukachungulia unaona mistari: maganda, majivu, mchanga, maganda tena. "Mimi nachimba pole pole," anasema. "Mimi nataka jua, zamani mutu nakula nini." Tukamwambia, tondo. Akasema, "Ndio, ndio, lakini pole pole." Kila ganda kalipiga brashi, kalilaza mkekani, lililovunjwa ncha huku, zima kule. Akatoa ushanga mdogo, duara jeupe lina tundu, akaniwekea kiganjani: umechongwa kwa ganda na mtu aliyekufa zamani. Akatoa kigae cha chungu kina vimeno vimeno shingoni, mama akakitazama, akakitazama chungu alichokishika, vimeno vile vile. Mzungu akaruka juu kwa furaha. Mama akasema, "Kwani alitaka tubadili?"

Na mama, kwa ukarimu wake, jirani akiwa amemletea bakuli la tondo, akamkaribisha. Bwana Chekecheo akatabasamu, akashukuru sana, akalisogeza bakuli kwa vibarua wake kwa ncha ya kidole. Ganda alilipenda, nyama akaiogopa. Nimekutana na wengi wa namna ile tangu nije huku.

Bi Rukia alipata wivu. Mzungu wa serikali, na kofia, anashinda kwa mama vyungu! Akamwita. "Bwana, unatafuta ustaarabu jalalani kwa makabwela? Njoo kwangu. Kwangu wazee walikula kwenye sahani za Kichina." Akamwekea kiti, akamwonyesha pa kuchimba: mbele, karibu na lango, penye kivuli. Alidhani kuchimba ni kama kupiga picha, unasimama unapotaka wewe. Bwana Chekecheo akazunguka ua wote na kijiti chake, akichomachoma, mpaka nyuma ya jiko, pale palipoota mgomba mnene kuliko yote. Kijiti kikazama. Akasema, "Hapa." Bi Rukia akabadilika rangi. "Hapo hapana. Hapo pana jini." Mzungu akatoa penseli, akaandika jini, akafunga kamba.

Mnaona sasa ujinga wa wenye akili? Sisi tulitupa nje, upepo na kuku wakaona. Wao walifukia ndani. Kila kizazi cha nyumba ile kilifukia nyuma ya jiko, juu ya kilichofukia mama zao, na kila kizazi kilidhani ndicho cha kwanza. Shimo lilipofunguka, tondo. Juu kabisa, nyeusi bado, zinanuka. Chini yake tondo zimefifia. Chini tena, nyeupe kama chaki. Bi Rukia kakaa kwenye kiti na mwavuli, kila chekecheo likitikiswa anatamka: "Za bata." Mzungu akayapanga mkekani kama kawaida yake, hana nia mbaya, yeye ni mtu wa kupanga tu. Upande mmoja ya kwetu, ncha zimepondwa kwa jiwe, vipande vipande. Upande wa pili ya nyumba kubwa, ncha zimekatwa, laini, mkato mmoja. Akainua moja, akamwuliza Bi Rukia kwa heshima zote: "Mama, bata nakata namna hii? Na kisu?"

Ngojeni kidogo, niwaambie la korido. Nimo kwenye makoti nacheka, leo hii, Injinia akanifuata. Kumbe alinijua. "Wewe ni mdogo wake Somoe." Nikasema ndimi. "Hajambo?" Nikamwambia kafa, mwaka jana, nyumbani kwake mwenyewe, na wajukuu. Akashika tai. "Alikuwa mkali," akasema. Nikadhani angalau atalia, mzee wa watu. Akatazama nyuma kama kuna anayesikia, akaniinamia, akanong'ona, na harufu ya mafuta ya nywele: "Lakini ujue, bibi yangu alikuwa na bata kweli." Mtu mzima! Na pensheni yake! Amevuka bahari, amejenga malori, ameota mvi za masikioni, na bado anachunga bata wa Bi Rukia. Nikamvalisha koti lake nikamfunga vifungo, kwa sababu mtu wa hivyo huwezi kumfanya lingine.

Siku sahani ilipotoka kijiji kizima kilikuwepo, Bi Rukia mwenyewe alitangaza, alitaka mashahidi. Mama naye aliitwa. Akaja na kanga yake iliyofuliwa, akasimama mbali, upande upepo unakoelekea. Badi alisimama nyuma ya kiti cha bibi yake, mikono mifukoni. Mzungu akashuka shimoni na brashi, akapiga, akapiga, na ukingo wa buluu ukaonekana. "Sahani!" Bi Rukia akanyanyuka. "Nimesemaje mimi? Nimesemaje?" Bwana Chekecheo akainyanyua kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akaigeuza juani watu waone. Na ndani mlikuwa na tondo. Zimejaa, zimegandamana na udongo, maganda matupu yamefyonzwa, mtu alimaliza kula akazika vyote na sahani yake. Mzee mmoja mvuvi akauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Kumbe hata bata wa zamani walikula kwenye vyombo?"

Watu hawakucheka, walipasuka. Na mie peke yangu sikucheka, nikawa natafuta bata kwa macho, juu, dirishani.

Somoe wakati ule ule anatoka jikoni na sinia la tambuu, kanuka liwa, kapakwa mpaka masikio. Akapita kando ya mkeka. Akaona zile ncha. Akainama akaokota ganda moja la tabaka la juu, jipya, akalishika karibu na macho. Kisha akapitisha kidole kwenye mkato, taratibu, akakisimamisha katikati. Mie nikajua anagusa nini, maana kile kipande cha popoo nilikuwa nacho mkononi. Akautazama mkasi uliolala kwenye sinia. Kach, nikasikia kichwani. Kach. Hapo ndipo bata wangu wote walipokufa, na godoro lao.

Bi Rukia hakumwona. Alikuwa amemwita mama pembeni ya shimo, kamshika kiwiko, na ile sauti ya puani imelainika, asali. "Mama Somoe, mwenzangu. Waambie watu hizi ni zako. Ulikuwa ukija kunifinyangia vyungu hapa uani, ukala, ukafukia. Nini kwako? Wewe watu wameshakuzoea." Mama akauliza, "Na za chini?" "Sema za mama yako." Kisha akamkaribia zaidi. "Siku ya harusi utakaa ndani. Mbele. Pembeni yangu."

Mama akamtazama Badi. Na yeye, huyu huyu wa tai na projekta, mjukuu wa sahani, akasema, "Mama, si useme tu? Neno moja, yaishe."

Nilimwona mama akifuta mikono kwenye kanga, mikono iliyokuwa haina kitu, haijaokota tondo tangu posa ije. Akageuka kuwakabili watu. Akavuta pumzi. Nikajua atasema, kwa sababu alishasema "nimesikia" kwa yote yaliyotangulia, na hili lilikuwa dogo kuliko muhogo.

Somoe akaliweka sinia chini, mkekani, katikati ya ncha, tambuu na mkasi na vyote. Akamziba mama mdomo kwa kiganja chake kinachonukia.

"Nyamaza, mama. Mie siolewi na watu wanaokula gizani."